Hivi kuchezea maboksi na makaratasi ni kazi ya sanaa au napoteza muda? Wachoraji wa Dar njooni

RangiTatu:

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni mchoraji, nipo Mbagala Rangi Tatu (utani wa rangi tatu nimeshausikia wote, msijisumbue). Huu mwaka wa tisa nachora. Kazi nilijifunzia Mwenge kwa bro mmoja, nachora twiga, nachora tembo, nachora Mmasai kasimama na jua linazama nyuma yake, wateja wangu ni wenye maduka ya zawadi wanakuja na oda, nifanyie twiga ishirini saizi hii, nafanya, nalipwa, kodi ya nyumba inatoka. Silalamiki. Ila nikiwa mkweli twiga siku hizi mkono unamchora wenyewe, mi kichwani nawaza luku.

Sasa likizo ya mwezi wa sita mtoto wa dada yangu alikuja kukaa kwangu, ana miaka nane. Siku ya kwanza kaniomba boksi la tambi. Siku ya pili kaniomba kandambili yangu iliyokatika. Siku ya tatu nakuta daladala sebuleni. Matairi ya kandambili, taa vizibo vya soda, konda wa njiti za kiberiti ananing'inia mlangoni kwa uzi, na kwenye madirisha kachora abiria waliobanwa mpaka pua zimelala kwenye kioo, yaani gari ya saa moja asubuhi kama ilivyo. Jirani alikuja kuchukua picha yake ya twiga, kazi ya siku nne, akaitupia jicho moja akasema nzuri, halafu akachuchumaa kwenye lile daladala akaanza kuita wenzake waje waone.

Aisee iliniuma. Halafu ikanifurahisha. Halafu ikaniuma tena.

Toka hapo nimeharibikiwa. Naokota makaratasi yanayotupwa steshenari, nayaloweka, nayasaga kwenye blenda (mke wangu kanunua nyingine), natandaza kwenye wavu wa dirisha nakausha, napata karatasi zangu nene nene zina manyoya. Masizi ya chini ya sufuria nachanganya na gundi, ndo wino wangu mweusi. Nimeanza kutengeneza foleni ya watu, vijitu vya karatasi vya urefu wa kiganja, wapo kituoni wanasubiri gari, kila mmoja na mzigo wake. Wameshafika arobaini na kitu. Sijui ni nini hiki. Siyo kinyago, siyo picha, na hakuna aliyeagiza. Wenzangu wa Mwenge wanasema siku hizi unacheza tu, mke wangu anasema nyumba ina watoto wawili sasa na huyu mkubwa hata shule haendi.

Swali langu kwa mnaofanya sanaa humu, hivi kucheza namna hii ni sehemu ya kazi au ni uvivu nimeutafutia jina zuri? Unajuaje kwamba hapa nafanya kazi na hapa napoteza muda? Na la pili, ambalo ndo linaniliza kabisa, vijitu vyangu vinaota ukungu na mende wanakula gundi ya unga wa ngano, juzi nimeamka nakuta bibi mmoja wa kwenye foleni hana mkono. Naombeni msaada.

Nawasilisha.

Kobe_Mpole:

Mende naye ni mdau wa sanaa mkuu, anachonga. Nafuatilia uzi.

MamaMakaratasi:

Hongera kwanza kwa kuharibikiwa. Mimi natengeneza karatasi mwaka wa sita huu hapa Kigamboni, kadi za harusi na makava ya daftari ndo yananilisha, za kuchezea nazifanya Ijumaa. Nianze na mende maana huyo hasubiri tumalize kubishana.

Gundi ya unga ni uji kaka. Umewapikia uji usiku halafu unashangaa wamekunywa. Ukitaka kuendelea nayo, chuja unga vizuri, pika mpaka ing'ae, tumia siku hiyo hiyo, iliyolala mwaga. Dondoshea mafuta ya karafuu matone machache, Kariakoo yapo, ukungu unakawia sana ukiwa na karafuu. Au achana na unga tumia gundi nyeupe ya mbao uizimue na maji. Ila mi nadhani kosa lako kubwa siyo gundi, ni haraka. Umesema mwenyewe karatasi nene. Karatasi nene hapa Dar inakudanganya, juu ukiigusa kavu ndani bado mbichi, na huu unyevu wetu wa pwani, masika ndo usiseme, ukungu lazima. Tengeneza nyembamba halafu bandika tabaka juu ya tabaka, tabaka la chini likauke kwanza ndo uweke lingine. Na uikandamize kabla ya kuianika, weka kati ya vitambaa viwili, juu ubao, juu ya ubao matofali, kama huna matofali msimamishe huyo mtoto arukeruke. Maji yakitoka kwa kukandamizwa karatasi inashikana, ukiliachia jua peke yake inavimba kama andazi.

Magazeti usitumie kwa kitu unachotaka kidumu. Gazeti likikaa juani siku chache linakua la njano na kukatika, lile ni mti uliosagwa na takataka zake zote. Ya steshenari afadhali.

Siku ukitaka kuonja utamu wenyewe, tafuta mgomba uliokatwa, chukua lile shina, kata vipande vya urefu wa kidole, chemsha na magadi masaa mengi tu mpaka ukivuta nyuzi zinaachia zenyewe, osha sana, osha tena, mpaka utelezi uishe, halafu twanga kwenye kinu. Siyo blenda, blenda inakata nyuzi vipande, kinu kinazichambua. Karatasi yake ukiitikisa inalia kama bati jembamba. Mkonge nao unakubali ila mikono utaijutia.

Hilo la kucheza mimi sina maneno makubwa. Nyuzi za mgomba zilinikatalia miezi miwili, nilikua nachemsha saa moja natoa, siku moja nikasahau sufuria kwenye mkaa nikalala, asubuhi nimekuta ndo zimekubali. Ingekua ni oda ya mtu nisingethubutu hata kuigusa ile sufuria, ningemwaga.

Brashi_Kavu:

Mi nitakua mbaya hapa. Mnamjaza jamaa upepo. Anayelipa kodi ni twiga.

Nimepita huko mimi. 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku kila mtu akawa anaongelea mazingira, nikajiona mjanja, nikasema rangi zangu zote natengeneza mwenyewe, binzari ya manjano, hina, udongo, mkaa, kila kitu. Nikauza picha moja kubwa kwa mteja huko Masaki, ina jua linachomoza, hela nzuri, nikala kuku na familia. Miezi mitano badae simu, jua la kwenye picha limepotea. Alikua kaitundika mkabala na dirisha. Nimeenda kuona kweli, pale palipokua na jua pamebaki kama doa la chai. Nikarudisha nusu ya hela na mteja nikampoteza. Binzari haistahimili mwanga, mi nilijulia pale.

Kwahiyo cheza ila cheza na hela yako mwenyewe, siyo ya mteja. Na hivyo vijitu arobaini utauza bei gani? Buku mbili kimoja? Kimoja kinakula masaa mangapi? Piga hesabu kabla hujaanza cha arobaini na moja. Mwenye nyumba hajali mikono yako imegundua nini.

Kontena7:

Kama hujawahi kwenda, nenda Nafasi Art Space pale Mikocheni, toka 2008 wapo, kuna wasanii wana studio kwenye makontena na wengine wanafanya vitu vya ajabu kuliko hiyo foleni yako, hutajiona chizi. Na hivyo vizibo vya taa za daladala usivitupe. Kuna El Anatsui, mzaliwa wa Ghana lakini miaka mingi kafanyia kazi Nsukka Nigeria, anaponda vizibo na mabati ya shingo za chupa anaviunga kimoja kimoja kwa waya wa shaba mpaka vinakua kama kitambaa kinachofunika ukuta mzima. Sisi vizibo tunachezea drafti tu kijiweni, na penyewe tunagombana.

Mwl_Temeke:

Brashi Kavu pole, ila kwa mtazamo wangu tatizo halikua kucheza, tatizo ulicheza kidogo ukakimbilia kuuza. Ungepaka binzari kwenye karatasi moja, nusu ukaifunika na boksi nusu ukaiacha dirishani mwezi mzima, ungejua kila kitu bure bila kurudisha hela ya mtu. Na huo nao ni mchezo, tena mtamu.

Mi nafundisha shule ya msingi, darasa lina watoto tisini, rangi za kununua ni hadithi, kwahiyo tunavamia vitu vya jikoni. Binzari ukiipaka ikakauka halafu ukachora juu yake na maji ya majivu au sabuni ya mche inageuka nyekundu hapo hapo, mara ya kwanza nilivyowaonyesha walipiga kelele mpaka mwalimu mkuu akaja kuangalia nani kaumia. Rozela ukiikamulia limau inawaka nyekundu, ukiitia magadi inakimbilia kwenye ukijani ukijani hivi. Sasa watoto wangu nawaambia mapema, hizi ni rangi za leo, zinakufa. Rangi za kudumu ni mkaa, masizi, na udongo. Wekundu wa udongo ni kutu ya chuma, jua limeupiga toka enzi na enzi haujabadilika, dirisha la Masaki litaufanya nini? Nyeupe nayo siyo mbali, milima ya Pugu ina ule udongo mweupe wa kaolini. Namna ya kusafisha: twanga, loweka, koroga, subiri kidogo mchanga ukae chini, mimina yale maji ya juu yenye vumbi laini kwenye chombo kingine kupitia kipande cha kanga, acha yatulie mpaka kesho, maji mwaga, kinachobaki chini ndo rangi yako. Changanya na gundi.

Na hao wa Mwenge wanaosema unacheza waambie kulikua na mchoraji anaitwa Paul Klee, mzaliwa wa Uswisi, mtu mkubwa kabisa kwenye uchoraji wa karne ya ishirini, kati ya 1916 na 1925 alimtengenezea mwanae Felix vikaragosi vya mkononi kama hamsini, vichwa vya plasta, mifupa, boksi la kiberiti, kimoja kichwa chake ni soketi ya umeme. Mtoto alikua anavichezea kweli, siyo pambo la kabatini. Vilivyobaki ni kama thelathini na siku hizi watu wanapanga foleni makumbusho kuviangalia. Foleni, umeona eeh.

Brashi_Kavu:

Mwalimu nimekuelewa la dirishani. La hesabu bado hamjanijibu.

Mzee_wa_Upanga:

Vijana nimesoma yote, niruhusuni na mimi.

Kwanza hili la vifaa vya kuokoteza mnaliongea kama limeanza jana. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar mnamo 1968, ile hadibodi yake ilikua ya kupigia siling na zile rangi zilikua za mafuta za kupaka baiskeli. Hakuna duka la vifaa vya sanaa lililomuuzia kitu. Kachukua vya fundi ujenzi na vya fundi baiskeli akaona vinaweza kuwa ndege. Amefariki 1972, miaka kama minne tu ya kazi, na nusu ya Mwenge na Oysterbay inakula kwa mtindo wake wa kuchora hadi leo. Sasa RangiTatu jiulize, twiga kwa yule bwana alikua jambo jipya, hajui litaishia wapi. Kwako ni oda. Twiga ni yule yule. Sisemi vibaya, hata mimi nimekula oda na nimesomesha nazo.

Pili George Lilanga. Nyumba ya Sanaa ile iliyoanzishwa 1972 mimi nilikua napenda kupita, na huyu aliingia pale akiwa mlinzi. Mlinzi! Alitoka na uchongaji wa Kimakonde na mashetani yake, akayaleta mjini, masikio makubwa, matumbo mbele, mdomo wazi, yanacheka yanagombana yanabeba mizigo. Akachora kwenye ngozi ya mbuzi, kwenye kitambaa, kwenye bati. Ukiangalia unasema huyu anajifurahisha. Basi chukua penseli uige mstari mmoja tu wa goti lake, uone utakavyotoka jasho.

Sasa swali lako. Mimi nimekulia kwenye magari ya waya. Waya tunaomba kwa fundi, tunanyoosha kwa jiwe, matairi ya makopo au ya kandambili, na usukani mrefu unafika kifuani ili ukimbie nalo umesimama. Gari lile sharti likate kona. Ukizungusha usukani tairi za mbele lazima zigeuke, zisipogeuka wenzako wanakucheka mtaa mzima, na wewe mwenyewe unaona aibu, unakaa chini unalikunjua lote unaanza upya, jua linazama, mama anaita, huendi. Nani kakutuma? Hakuna. Twiga wa oda ukimkosea shingo kidogo mteja haoni, anabeba anaondoka. Gari la waya likigoma kona huna pa kujificha.

Kwahiyo mimi sikuulizi kama unacheza. Nakuuliza, hiyo foleni yako, kijitu kikikosea unajuaje? Kama vyote arobaini umeviona vizuri, mkeo yuko sahihi. Kama kuna ulichokitupa usiku peke yako na hakuna aliyekulazimisha, endelea.

Kobe_Mpole:

Mzee umenikumbusha kovu langu la waya, lipo hadi leo kwenye kidole.

RangiTatu:

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma jibu lako nikiwa kwenye gari nikapitiliza kituo.

Nimevitupa kumi na moja. Sijawahi kumwambia mtu. Na sikua najua kwa nini navitupa mpaka ulivyouliza, nikaenda nikavitoa kwenye kiroba nikavipanga nikaviangalia. Vyote vimesimama tu. Wengine ukiwaona unajua anasubiri gari ya wapi. Mwenye ndoo na ubao wa kukatia anaenda Feri, samaki. Mwenye mfuko mtupu uliokunjwa kwapani anaenda Kariakoo, utarudi umejaa. Yule bibi aliyeliwa mkono ana bahasha kubwa ya eksrei, anaenda Muhimbili, na kuna kijana mbele yake kajigeuza nusu kama anataka kumpisha ila anaogopa kupoteza nafasi. Hao kumi na moja hawaendi popote. Hiyo ndo kona yangu nadhani, lazima ujue anaenda wapi kabla hujaona sura, na sura sijawawekea kabisa, hawana macho.

Jana nimempigia mpwa wangu video nikamwonyesha wote mmoja mmoja awe jaji. Kawapitisha, kufika kwa mwanaume mmoja niliyekua namjivunia sana, koti, briefkesi, kila kitu, kaniambia anko huyu hasubiri gari, huyu anasubiri chakula. Nimeangalia tena, kweli kabisa, kaegemea nyuma kama yuko kwenye kiti. Nimemlowesha kwenye beseni anakua uji sasa hivi, atarudi kama mtu mwingine.

MamaMakaratasi nimefanya ulivyosema, tabaka nyembamba, gundi ya mbao, na karafuu nimeweka kwenye ule unga uliobaki, nyumba inanuka pilau mke wangu kafurahi kwa mara ya kwanza. Siku ya tisa leo, ukungu hakuna. Mende sijui, wanajadiliana. Mgomba nimeupata ila kinu mama mwenye nyumba kagoma, anasema kinu chake siyo cha kutwangia takataka, natafuta cha kununua, mwenye kilichopasuka kidogo anishtue.

Mwalimu karatasi ya majaribio ipo dirishani toka Jumatatu, nimeweka binzari, masizi, na udongo mwekundu niliochota Kisarawe. Masizi na udongo vipo pale pale. Binzari imeshaanza kukata tamaa.

Brashi Kavu kuhusu hesabu upo sahihi na sina jibu. Nimeamua twiga Jumatatu mpaka Alhamisi, foleni Ijumaa na Jumamosi, na hela ya twiga mmoja kati ya kumi ndo bajeti ya kuchezea, ikiisha imeisha. Kuna mtu kashaulizia anunue mmoja mmoja nikakataa, mpwa wangu kasema ukimtoa mmoja katikati foleni inakua siyo foleni, watagombana.

Brashi_Kavu:

Huyo mtoto ndo meneja wako, msikilize. Ila huyo bibi wa eksrei, tukiongea kiutu uzima, bei gani?

RangiTatu:

Hauzwi kwa sasa mkuu, mkono mpya bado haujakauka.